Mabingwa wa Mkeka

Miongoni mwa kazi za heshima zilizostawi Magomeni tangu ilipopitishwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, hakuna iliyo adhimu kama ya mabingwa wa mkeka wa kubashiri mpira, ambao, ukiwasabahi pale Mapipa na kuwauliza kipato chao, hukutajia bila ya kusita laki tano za Jumamosi moja. Ama mikeka iliyochanika, hiyo hawaitii hesabuni, maana yaliyopita si ndwele. Mwenye duka wa Kariakoo, masikini, bado huandika manunuzi na mauzo katika daftari moja. Bingwa wetu huandika mauzo peke yake, na kwa hiyo hajaijua hasara. Wala si mchoyo: mwaka 2017, kampuni ya kubashiri ya SportPesa ilipozidhamini klabu za Simba na Yanga kwa pamoja, ni wachache waliokumbuka kumshukuru yeye, mfadhili halisi. Serikali nayo, kwa insafu yake, humtoza kodi ya ushindi tu, na hasara zote humwachia mwenyewe. Basi, msomaji, akikuomba nauli ya daladala asubuhi, mpe bila ya maswali: fedha zake zote ziko kazini.