Difu Mbili, Nyumba Moja

Nyumbani kwetu Nkwenda, Kyerwa, Land Rover si gari la Baba peke yake. Ni la Mama anapopeleka kahawa ya maganda chama cha msingi, ni la kaka anapofuata ndizi Kaisho, ni la Bibi siku ya kliniki, na ni la jirani yeyote mwenye mgonjwa usiku wa mvua. Kwa hiyo siku krosi ya propela ya mbele ilipokatika kwenye mlima wa kuelekea Isingiro, magunia ya kahawa yakiwa mgongoni, nyumba nzima ilisimama.

Gari lenyewe ni 109 ya Series III, toleo lililoundwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Baba alilinunua likiwa limekwishapita mikononi mwa mafundi wengi. Kwenye njia kavu, likivutwa na magurudumu ya nyuma tu, halikuwa na neno. Taabu ilianza kila tulipobonyeza kile kirungu cha njano ili na ya mbele yavute. Kwenye tope lilichimba badala ya kupanda. Likitoka kwenye tope na kukanyaga changarawe, linarukaruka, usukani unakuwa mzito, na gia ya mbele haiachii mpaka urudi nyuma kwanza.

Kila mtu alikuwa na hukumu yake. Kaka alisema injini imechoka. Baba alisema ni matairi. Jirani mmoja alishauri liuzwe kabla halijaua mtu. Mama aliwasikiliza wote, kisha akasema: "Mzee wangu, tupime kwanza. Ubishi utatukuta hapahapa."

Kupima hakukuhitaji gereji. Tuliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, mengine tukayawekea mawe mbele na nyuma. Mawe hayo ni ya lazima, kwa sababu breki ya mkono ya gari hili haikamati magurudumu, inakamata propela ya nyuma yenyewe, na propela ndiyo tuliyotaka izunguke. Mama akachora alama ya chaki kwenye tairi, mimi nikalala chini na kuchora nyingine kwenye propela. Gurudumu la pili likiwa limeshikwa na ardhi, lile lililo juu huzunguka mara mbili wakati krauni, ile gia kubwa ya ndani ya difu, inazunguka mara moja. Basi kaka alizungusha tairi mizunguko miwili polepole, mimi nikahesabu propela: minne na karibu robo tatu. Tukahamia mbele, tukafanya vilevile. Mitatu na nusu. Baba hakuamini, akalala chini mwenyewe, akapata hesabu ileile.

Hapo ugonjwa ulijulikana. Difu ya asili ya 109 ni 4.7: krauni ina meno 47, na pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, ina meno 10. Difu iliyokuwa mbele ni 3.54, krauni ya meno 46 kwa pinioni ya meno 13, aina iliyofungwa kwenye Range Rover za mwanzo. Inaingia kwenye ekseli ya mbele ya 109 bila kukataa, hafu shafti zinakubali, nati zinakaa, na hakuna jicho litakalogundua kwa nje. Lakini propela mbili zikizunguka sawa, magurudumu ya mbele yanataka kwenda kasi zaidi ya ya nyuma kwa karibu theluthi. Kwenye tope ardhi inateleza na kusamehe. Kwenye changarawe hakuna wa kusamehe, na chuma kilicho dhaifu ndicho kinacholipa. Kwetu ililipa krosi.

Likabaki swali la nani amfuate mwenzake. Kaka alitaka zote ziwe 3.54. Lami ya Kyaka hadi Bugene ipo, alisema, safari ya Bukoba itakuwa nyepesi na injini haitapiga kelele. Baba alianza kuvutika. Mama akauliza ni mara ngapi gari hili linakwenda Bukoba, na ni mara ngapi linapanda mlima na magunia. Injini ni ya lita 2.25. Ukiipa difu ndefu, kila gia inakuwa ndefu, na mlima ambao leo unapandwa kwa gia ya pili utadai ya kwanza.

Fundi mzee kutoka Omurushaka, aliyekuwa akija Jumapili baada ya ibada, alimaliza shauri. Difu ya mbele hutoka nzima ukishachomoa hafu shafti na kufungua nati zake. Ya nyuma ni Salisbury: krauni na pinioni zimepangwa ndani ya ekseli yenyewe, na kuitoa kunadai chombo maalumu cha kutanua kasha. Usiguse kilicho kizima, alisema. Tukakubaliana 4.7.

Difu kuukuu ya 4.7 ilipatikana Bukoba, ikaja kwa basi ndani ya gunia. Sasa nyumba ikaingia kwenye mtihani wake. Kilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limejaa kila mahali, na beringi haipatani na vumbi. Uani kahawa ilikuwa imeanikwa, na kahawa inashika harufu upesi. Mama akatoa amri mbili. Kuosha chuma kwa dizeli ni nyuma ya migomba, upande ambao upepo hauji kwenye mikeka ya kahawa. Kufunga ni ndani ya ghala la maharage, mlango ukiwa umefungwa. Magunia ya maharage yakahamia chumbani kwa Bibi, na Bibi akalala nayo bila kulalamika. Oili chafu ilikingwa kwenye beseni, ikapakwa nguzo za uzio kuzuia mchwa.

Fundi alifungua difu ile mbele yetu kwa utaratibu. Kabla ya kulegeza kofia za beringi alizipiga alama, kwa sababu ya kushoto na ya kulia zilichongwa pamoja na kasha lake na hazibadilishani. Beringi zote zikawa mpya, na sili ya pinioni mpya. Kisha zikaja shimu, zile pete nyembamba za chuma zinazoamua pinioni ikae karibu au mbali na krauni. Alizipanga juu ya kitambaa cheupe, akaenda kunawa ale. Aliporudi, moja haikuwepo.

Ghala lilipekuliwa. Maharage yaliyomwagika sakafuni yalipepetwa. Kaka alifagia hadi chini ya mlango. Jioni Bibi akamshika mtoto wa kaka mkono amnawishe, akaikuta shimu kiwikoni, imevaliwa kama bangili. Mtoto hakuchapwa. Fundi aliipokea, akaichunguza isije ikawa imekunjika, akaipima unene tena, akairudisha mahali pake.

Kazi iliyofuata ndiyo inayotenganisha fundi na mkazaji wa nati. Uzito wa pinioni kuzunguka ulipimwa kwa kamba na ule mzani wa ndoana ambao Mama hupimia maharage. Nati mbili kubwa pembeni mwa krauni zililegezwa huku na kukazwa kule, mpaka saa ya kupimia, iliyoazimwa kwa mwalimu wa ufundi, ikaonyesha mchezo wa meno kati ya milimita 0.20 na 0.25. Kisha meno machache ya krauni yakapakwa rangi nyekundu na kuzungushwa. Alama ikija kwenye ncha ya jino, pinioni iko mbali. Ikizama kwenye shina, imeingia mno. Ya kwetu mara ya kwanza ilikuja kwenye ncha. Fundi akaing'oa beringi, akaongeza shimu, akaanza upya. Alipofunika difu, alama ilikuwa katikati ya jino.

Difu ikarudi kwenye ekseli, krosi mpya ikafungwa, ikamiminwa gia oili ya 90, lita 1.75. Mvua za vuli zilipoanza, tuliupanda mlima uleule na mzigo uleule, Mama akiwa kiti cha mbele. Kirungu cha njano kilibonyezwa chini kabisa ya mlima. Gari lilipanda bila kuchimba wala kuruka, na tulipofika kwenye changarawe gia ya mbele iliachia bila gari kurudi nyuma.

Baba sasa huwakagulia magari watu wa Nkwenda na Nyaishozi, na siku asipokuwepo mimi ndiye ninayelala chini kuhesabu. Ninawaambia wote neno moja: unaponunua Land Rover kuukuu Karagwe au Kyerwa, usilipe kwa sababu injini imeitika. Omba jeki, chaki na mawe. Pima nyuma, pima mbele. Hesabu zikitofautiana, punguza bei ya difu moja, au acha gari hapo ulipolikuta. Na ukishazilinganisha, fanya kama Mama alivyofanya: andika namba kwa rangi nyeupe juu ya kila difu, ili fundi atakayekuja baada yako asifunge kitu kisichopatana nayo.