Pini kwenye maharage ya Vunta

Kopo la pini la mama lilidondoka kutoka kwenye cherehani likamwagikia ndani ya gunia la maharage lililokuwa wazi. Maharage ya Vunta hayo, yameshushwa Hedaru kutoka milimani. Kuyatupa haiwezekani, na pini kooni si jambo la kujaribu. Mpwa wangu wa kidato cha pili akasema, "Bibi, usiyaguse. Naunda sumakuumeme."

Alikuwa na msumari wa inchi 6 na waya wa shaba alioung'oa kwenye mota ya feni iliyoungua. Betri alizichomoa kwenye redio ya bibi yake bila kuomba. Kwanza aliukwangua waya wote mpaka ukang'aa, akauzungushia msumari. Haukunasa hata pini moja, ila ulimchoma vidole. Ile rangi ya kahawia juu ya shaba ni vanishi, nayo ndiyo inayoulazimisha umeme upite raundi zote. Ikiondoka, umeme unakatisha waya kwa waya. Mwingereza William Sturgeon, aliyeunda sumaku ya namna hii miaka ya 1820, vanishi aliipaka kwenye chuma chenyewe. Joseph Henry wa Marekani akaufunika waya, ndipo ukaweza kuzungushwa tabaka juu ya tabaka na nguvu ikaongezeka mno.

Waya mwingine ukakwanguliwa ncha tu. Msumari ukatoka guniani umeota pini kama nungunungu! Waya ukiachana na betri, pini zinadondokea sahani, maana chuma laini hakikai na usumaku. Msumari wa zege, ambao ni chuma kigumu, uling'ang'ania pini hata betri zilipoondolewa.

Pamoja na pini ulipanda mchanga mweusi wa uwanja wa kupuria. Mama akausugua kidoleni kwa muda. Mchanga wa aina hiyo ndio Washana, wahunzi wa Upare, waliouchota mitoni wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto, na chuma chao kikanunuliwa hadi Uchagani. Natamani somo la sumaku katika shule za Same lianzie hapo, mtoto akiwa ameshika mchanga huo mkononi.

Pini chache za shaba hazikunaswa kabisa. Hizo mama alizitafuta kwa macho, ungo kwa ungo. Ilipofika saa ya matangazo ya vifo redio ilikuwa kimya, betri zimekwisha, na mpwa akatumwa dukani barabarani kabla hajala.