Heko kwa Bwana Forwadi

Wengine wamesifu wafalme, mashujaa na ngamia. Mimi namsifu Bwana Forwadi, yule mwanakundi wa WhatsApp asiyeandika neno lake hata moja. Kila alfajiri, kabla jua halijaanza kuichoma Lodwar, huwa ameshatumwagia rundo la ujumbe wa watu asiowajua, na chini yake muhuri: "Imetumwa kama ilivyopokelewa."

Ni mkarimu: bando ni lake, faida ni yetu. Hana ubaguzi: dawa ya kisukari, kifo cha mwanasiasa aliye hai, nafasi za kazi Kakuma, vyote huvituma kwa moyo mmoja. Wala hachoki. Mwaka 2019 WhatsApp ilipoweka kikomo cha mazungumzo matano kwa mara moja, alituma matano, akapumua, akatuma mengine matano. Aprili 2020, uvumi wa korona ulipozidi, ujumbe uliopita mikono mingi, ule wenye vishale viwili, ulibanwa uende mahali pamoja tu kwa mara moja. Vishale viliwekwa viwe onyo. Yeye huviona kama cheo.

Lakini fadhila yake kuu ni uaminifu. Hapunguzi nukta, haongezi. Makosa ya tahajia aliyorithi huyarithisha. Mikononi mwake neno "leo" halizeeki: bauza la maji likisemwa litapita Napetet leo saa nne, litapita leo saa nne mwezi ujao, na mwakani pia. Yuko mtoto wa miaka sita aliyepotea zamani akapatikana jioni ileile. Sasa ameota ndevu, naye yumo kundini. Kila akitangazwa amepotea hujibu, "Niko hapa jamani." Jibu hilo Bwana Forwadi halitumi, litamharibia ujumbe uliopokelewa ukiwa mzima.

Wenye vyeo humwita mchochezi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa anayechapisha uongo kwa makusudi. Sawa. Ila Septemba 2013 serikali na UNESCO walitutangazia kwamba chini ya Lotikipi, huku kwetu Turkana, kuna maji mengi ajabu, na ikasemwa yangeitosha Kenya kwa karibu miaka 70. Mwaka 2015 vipimo vikaonyesha chumvi iliyopita kiasi. Machi 2021 serikali ikaagiza kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab zifungwe, kisha ikatajwa tarehe: 30 Juni 2022. Watu waliokuwa wameishi Kakuma tangu ilipofunguliwa mwaka 1992 wakaanza kujiuliza wauze nini, waende wapi. Tarehe ikapita, kambi ikabaki. Matangazo hayo yalikuwa na nembo na meza ya waandishi wa habari. Kilichokosekana ni muungwana mmoja wa kuandika chini yake kwamba anatuma tu kama alivyopokea.

Na hao ni wale wanaosema. Wanaonyamaza ndio wanaonichemsha damu! Kundini mwetu yumo afisa, simtaji wala ofisi yake. Mama mmoja huuliza: fomu za basari mwisho lini? Tiki mbili, buluu. Mzee kutoka Lokori huuliza kama apande gari kuja Lodwar au asije, maana nauli ni mbuzi mzima. Buluu. Siku ya mwisho tangazo hubandikwa ukutani, ndani ya lango, lango lenyewe likiwa limefungwa kwa chakula cha mchana. Katika ukimya huo nani hujibu? Bwana Forwadi, na bango la mwaka juzi. Mzee hupanda gari. Mnataka nimlaumu nani?

Kakuma hali ni hiyohiyo, tena nzito zaidi, kwa sababu kule jina kuwemo au kutokuwemo katika orodha ni safari ya ughaibuni au mgao wa chakula. Orodha inapochelewa, watu husoma walichotumiwa.

Wiki iliyopita afisa wetu alivunja kimya. Simu zililia mtaa mzima, mama wa basari akaacha biashara yake akakimbilia miwani. Ilikuwa picha ya kikombe cha chai na ua waridi, "Asubuhi njema, wapendwa," na juu yake vishale viwili.