Digrii Mbili

Nimeshafikia umri wa kuambiwa nimepinda. Daktari kaniambia mgongo, mama watoto kaniambia kauli, na mweka hazina wa kikoba chetu ana orodha yake mwenyewe. Nilichokuwa sijajiandaa nacho ni kuambiwa na chalii anayenibebea mfuko wa gofu kwamba chuma changu nacho kimekosewa pembe. Kwa digrii mbili.

"Mzee, siyo wewe," alisema, akiutazama mpira wangu ukipotelea kushoto kwenye majani, mahali ambapo mipira yangu mingine ilikuwa inausubiri. "Hiyo weji imesimama mno. Ilitengenezewa mtu mrefu. Wewe Mungu kakuumba…" Hakumalizia, na mimi sikumwomba amalizie. Nilikuwa bado naonja yale maneno mawili ya mwanzo. Miaka yote niliyocheza gofu hakuna aliyewahi kuniambia "siyo wewe".

Kwa wasiocheza, na ninawaonea wivu, nieleze kidogo. Kanuni zinaruhusu kubeba fimbo 14, na kati ya hizo kuna chache za chuma ambazo uso wake umelala nyuma kama koleo la kuchotea mchanga. Hizo ndizo weji. Unazitumia ukiwa karibu, mita 90 kushuka chini, kuuinua mpira juu ushuke taratibu karibu na shimo. Mmarekani Gene Sarazen ndiye aliyeleta ile ya kutokea mchangani: alichukua chuma cha zamani, akakiongezea risasi ya kuchomelea nyuma ya kitako, akaenda nacho Uingereza mwaka 1932 na kulitwaa shindano lao kubwa la Open. Kwa maneno mengine, mambo haya yalianza na mtu mwenye kifaa cha kuchomelea na subira. Hilo la kuchomelea lilinitia moyo. Kule Unga Limited wachomeleaji wamejaa tele.

Sasa pembe. Ukiiweka weji chini kitako chake kikakaa sawasawa, mpini hausimami wima kama mlingoti. Unakuegemea, kama ngazi inavyoegemea ukuta. Pembe kati ya mpini na ardhi kwa weji nyingi ni kama digrii 64. Mtu mrefu anataka ngazi isimame zaidi, mfupi anataka ilale zaidi. Mfupi akipewa ngazi ya mrefu, kisigino cha chuma kinagusa chini na ncha inatazama mbinguni, kama kiatu kilicholika soli upande mmoja. Na kwa kuwa uso wenyewe umelala nyuma, ukiinuka upande mmoja tu unageukia kushoto. Fimbo ndefu ambazo uso wake umesimama zinasamehe. Weji haisamehe: kosa la digrii mbili, ukiwa mita 90 kutoka shimoni, linakupeleka pembeni mita nne, hata tano. Mita tano ndio umbali kati ya shimo na aibu.

Weji zangu zilitoka Texas. Mpwa wangu anaishi huko, na jirani yake mwenye futi sita na ushee alikuwa anagawa vitu. Mimi nina futi tano na kofia. Kwenye simu mpwa alisema, "Mjomba, ni za bure." Tangu lini cha bure kikaja na vipimo vyangu? Suti ya mtumba pale Kilombero unaijaribu kwanza, unajigeuza mbele ya kioo, unabishana bei. Chuma cha gofu nilikipokea kama mahari.

Kumbe wenzetu walishalifikiria jambo hili zamani. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, alianzisha kampuni ya PING mwaka 1959, na kampuni hiyo hupima mteja kama fundi cherehani: urefu wako, halafu umbali kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni. Fimbo zake zinatiwa kidoti cha rangi. Cheusi ni kawaida, chekundu ni kwa fimbo iliyolazwa kidogo, bluu na kijani ni kwa zilizosimama. Nilizigeuza zangu kutafuta kidoti. Nilikuta kutu.

Chalii hakuniacha nibishe kwa maneno matupu. Alichukua kalamu ya wino mzito, akachora mstari nyuma ya mpira, akaupanga mstari usimame wima, akaniambia piga. Wino ukahamia kwenye uso wa chuma. Ungesimama wima ningekuwa salama, lakini ulikuwa umelala kama abiria wa mwisho kwenye kosta ya Moshi. Akabandika tepu ya umeme chini ya kitako, nikapiga juu ya kipande cha plaiwudi, na tepu ikachubuka upande wa kisigino tu. Ushahidi wa aina hiyo ungemfunga mtu.

Nilitaka kuikunja weji papo hapo kwenye mti. Akanishika mkono: kanuni hazikuruhusu kuibadili fimbo katikati ya raundi. Kanuni za gofu ni kama za nyumbani kwangu, unazijua siku unayotaka kuzivunja.

Pale kwenye benchi wazee wenzangu walikuwa na maoni tofauti. Mmoja alisema hakuna cha pembe, ni Mlima Meru. "Mpira wowote wa Arusha unakimbia mlima," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeusukuma yeye mwenyewe. Mwingine akasema ni uzee. Wa tatu akasema ni vyote viwili, akaagiza chai.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mama watoto kwamba natafuta digrii mbili. Uso wake uling'aa kama siku ya harusi. "Baba Watoto! Hatimaye! Utasomea wapi, Chuo Kikuu Huria?" Shemeji yangu, aliyekuwa sebuleni akila machalari ambayo hakuyachangia hata ndizi, akashauri nianze na moja kwanza. Ilibidi nieleze. Nilieleza kwa kutumia ngazi, halafu koleo, halafu kiatu. Walinisikiliza hadi mwisho, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Yaani," alisema mama watoto polepole, "geti letu limeinama mwaka wa tatu sasa, linaburuza chini, kitasa hakikutani na tundu lake, usiku tunalisukumia tofali. Na wewe unataka fundi wa kukunja fimbo."

Kuhusu geti nikiri jambo moja. Ni kweli limeinama. Lakini geti lisilofungwa lina faida zake kwa mtu ambaye mazungumzo ya baada ya gofu huwa yanamchelewesha. Unasogeza tofali kwa mguu, unapita ubavu, unaingia kimya. Kwa miaka mitatu sijawahi kumwamsha mtu. Huo nao ni upendo.

Nikaanza kutafuta. Kuna mashine maalumu ya kazi hii: inabana kichwa cha fimbo, ina kipimo cha pembe, na ina mkono wenye meno laini unaoshika shingo ya chuma na kuipinda bila kuikwaruza. Kila niliyemuuliza aliniambia niende Nairobi. Jamani! Nipande basi, nishuke Namanga kugonga pasipoti, nimweleze ofisa madhumuni ya safari? "Nakuja kupunguza digrii mbili." Si wangenipima homa?

Hivyo nikaenda kwa fundi wa magrili, mtaa sitautaja kwa sababu bado nina deni. Nilibeba weji, na kipimapembe nilichokitoa kwenye mkebe wa hisabati wa binti yangu, ambaye siku hiyo, kumbe, alikuwa na mtihani wa pembe. Hilo ni kesi nyingine.

Fundi aliigeuza weji, nusura ainuse, akauliza inalima nini. Kisha akawasha gesi. Nikapiga kelele kama nimeungua mimi. Huwezi kuichoma! Mpini umeshikwa na gundi ndani ya shingo, na gundi hiyo ikipata moto kichwa kitaruka siku moja kimuue mtu asiye na hatia. Akazima, akinitazama kwa huruma. Akataka kuikanyagia mpini. Nikakataa tena: ukikunja mpini unapata mpini uliopinda, pembe ya kichwa iko palepale. Kinachokunjwa ni shingo, na shingo yenyewe inategemea chuma. Kilichofuliwa ni laini, kinakubali. Kile cha pua kilichomiminwa kwenye umbo kinaweza kupasuka kama kibiriti, na hata kikikubali, si busara kukidai zaidi ya digrii mbili.

"Mzee," alisema fundi, "haya yote unayajua, mimi umenifuata wa nini?"

Lakini alikuwa fundi. Alivua katambuga zake, akakata vipande viwili vya lile tairi, akavipanga kwenye vaisi ili meno yasikijeruhi chuma. Akachukua bomba refu, akalifunga kitambaa ndani, akalivika shingoni. Nikashika kipimapembe. Akavuta kidogo. Sifuri. Akavuta tena. Sifuri. Chuma kina kiburi: ukikipinda digrii mbili, kinarudi zote mbili ukiachia. Lazima ukipeleke mbele ya pale unapopataka, kisha ukiache kirudi chenyewe kwa heshima yake. Mara ya nne kikalia kidogo, sauti ndogo kama mlango wa kabati, nikapima: 62. Nikapima tena. 62. Nilitamani kumkumbatia, lakini alikuwa ameshataja bei.

Bei hiyo ndiyo iliyonifikisha pabaya, maana mama watoto aliikuta kwenye ujumbe wa simu. Hakugomba. Alimpigia fundi mwenyewe. Jumamosi asubuhi nikamkuta getini kwetu, peku, na bomba lilelile. Akalivika kwenye bawaba ya juu, akavuta mara mbili, akaachia, akavuta tena. "Ni kazi moja na ya kwako, mzee," alisema. "Hili nalo lilikuwa linataka kama digrii mbili." Geti likainuka kutoka chini, kitasa kikaingia tunduni: tak!

Mimi nikaenda uwanjani. Kwenye plaiwudi tepu ilichubuka katikati kabisa, na wino ukasimama wima kama askari wa gwaride. Nikaingia uwanjani nikipumua kwa mbwembwe. Shimo la kwanza, mita 90, chuma kimetulia, mpira ukapaa vizuri mno, ukaenda kushoto.

Chalii alinyamaza kidogo. Kisha akanionyesha miguu yangu. Tulikuwa tunapiga kuelekea magharibi, kwa hiyo nilikuwa nimeuelekea Meru, na ardhi ya Arusha yote ni ubavu wa mlima huo. Mpira ulikuwa juu ya nyayo zangu, na mpira ukikaa juu ya nyayo ni sawasawa na fimbo kusimama tena. Tulipogeuka kuelekea mashariki nikaupa mlima kisogo, mpira ukawa chini ya nyayo, ukaenda kulia. Kushoto ukienda magharibi, kulia ukienda mashariki: kote ni kusini, kote ni kuukimbia mlima. Yule mzee wa benchi alikuwa sahihi, na nilipompita alikuwa na adabu ya kutosema kitu. Alinyanyua kikombe tu.

Siku hiyo mazungumzo ya baada ya gofu yalikuwa marefu. Nilifika nyumbani saa tano usiku, baridi ya Julai ikishuka mlimani. Nikatafuta tofali kwa mguu. Halikuwapo. Nikasukuma geti. Halikutikisika. Nikaitoa weji nikajaribu kuipenyeza kati ya geti na nguzo, pale ulipokuwa upenyo wangu wa miaka mitatu. Hapakupita hata kadi ya kliniki.

Nikagonga. Nikagonga tena. Taa ikawaka.

"Nani?"

"Mimi. Mume wako."

Kimya kidogo.

"Muongo," ilisema sauti ya mama watoto. "Mume wangu hajawahi kugonga geti."