Filamu Isiyomtaka DJ

Mwenye kibanda umiza mtaani kwetu ana kanuni moja: filamu ikinyamaza, spika imekufa. Ndiyo maana namwogopea Kaneto Shindo. Mwaka 1960 mwongozaji huyu wa Kijapani alitoa filamu ya Hadaka no Shima, saa moja na nusu na ushei ya mume na mke wanaovusha maji kwa mashua hadi kisiwani, wakayapandisha mlimani kwa mzegazega, wakamwagilia miche kata kwa kata. Maongezi karibu hakuna. Muziki upo, maji yapo, kasia lipo. Mara mke anateleza, ndoo inapinduka. Mume anamzaba kibao, kazi inaendelea. Hata “mama weee!” husikii.

Kwenye filamu za kwetu, hapo pangehitajika kinanda cha huzuni, shangazi wa kuingia bila hodi, mganga, na dakika kumi za kugombana kwenye sofa ambalo bado lina nailoni ya dukani. Na DJ anayetafsiri je? Maskini, angemaliza porojo zote kabla ndoo ya pili haijafika kileleni, akabaki na kipaza sauti mkononi akiwatangazia wateja bei ya kuchaji simu.