Taratibu, Shemeji

Mtu wa Mwanza na mtu wa Kigoma hawawezi kukaa chumba kimoja nusu saa bila kugombania ziwa. Mimi ni wa Mwanza, Kirumba. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ni wa Ujiji, na kwa maoni yake Ziwa Victoria ni jaruba la mpunga lililozidiwa na mvua: kina chake ni mita 80 na kitu, wakati Tanganyika inashuka mita 1,470. Mimi humjibu kwamba sangara wetu wanafika Ulaya, na kina hakiliwi na ugali. Ubishi huo tulipanda nao ndege, tukahamia nao Nashville, katika jimbo la Tennessee, na ndio uliotufikisha kwa samaki aitwaye krapi.

Krapi ni samaki bapa, mwenye madoa meusi. Akifika futi moja, watu wanapiga naye picha. Wako wa aina mbili, mweupe na mweusi, na mwenye kutaka kuwatofautisha hushauriwa ahesabu miiba ya mgongoni: mweupe ana mitano au sita, mweusi saba au minane. Sijaona mtu mwenye njaa akihesabu. Krapi mweupe anayeshikilia rekodi ya dunia alivuliwa Mississippi mwaka 1957, na uzito wake haukufika hata kilo mbili na nusu. Kirumba, sangara wa kilo hizo hasalimiwi.

Kwa hiyo jirani alipotuambia kuwa huyu ni samaki wa heshima, na kwamba watu wanaojiheshimu humfuata kuanzia majani yanapopukutika hadi katikati ya baridi, Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Alisema Jumamosi tutakwenda, Jumapili tutakuwa tunagawa samaki kanisani na msikitini.

Tulikokwenda kunaitwa Kentucky Lake, na si ziwa la Mungu. Ni Mto Tennessee uliozibwa kwa bwawa lililokamilika mwaka 1944, maji yakarudi nyuma karibu kilomita 300. Ukitoka Nashville ni mwendo wa saa mbili, na ukivuka ng'ambo unafika Paris. Ndiyo, Paris, mji mdogo wenye mnara wake wa Eiffel wa kama futi 70, uliosimama bustanini karibu na bembea za watoto. Shemeji alipiga picha chini yake akamtumia mama yake Ujiji bila maelezo. Mama akajibu kwa sauti: “Mwanangu, kumbe baridi ya huko inasinyaza mpaka vyuma?”

Bwawa lina desturi ambayo hakuna aliyetudokeza. Kila mwaka, kuanzia katikati ya kiangazi, wenye kulisimamia huyapunguza maji taratibu, ili mvua kubwa za baridi zikija pawe na nafasi ya kuyapokea mafuriko. Mwisho wa yote maji huwa yameshuka futi tano. Ukiisikia ofisini, futi tano si kitu. Kwenye ufuko tambarare ni uwanja mzima wa matope. Mwezi wa Agosti Shemeji alikuwa amechagua kisiki kilichozama nusu, akakifunga kitambaa chekundu, akaapa kuwa chini yake pana samaki. Tuliporudi Novemba kisiki kilikuwa nchi kavu, na juu yake kunguru. Aliamua kwenda kuchukua kitambaa chake. Yeye alirudi, buti la kushoto halikurudi.

Halafu kuna suala la chambo. Krapi hula visamaki vidogo, na dukani wanauza vidagaa hai, wa kuhesabu, dazani kwa dazani, ndani ya ndoo yenye kipampu cha kuwapulizia hewa. Mtu aliyekulia Kigoma, ambako dagaa hununuliwa kwa ndoo na kuanikwa juani, hawezi kulipokea jambo hili kwa utulivu. “Shemeji,” aliniambia akiwa ameshika chenji, “dagaa wa huku wana oksijeni, mimi kule nyumbani nililazwa bila oksijeni.” Kwenye kona ya kwanza baada ya duka, ndoo ililala ubavu. Tuliokota tulioweza. Waliobaki walijipenyeza kwenye reli za viti na kwenye matundu ya hita, na hita, kwa sababu ya baridi, ilikuwa ikivuma kwa nguvu zake zote. Juma lile mke wangu aliingia garini, akavuta pumzi ndefu, macho yakamlegea. “Mbona gari linanuka Kibirizi?” Nilidhani analalamika. Alikuwa amekumbuka dagaa wa kwao Kigoma.

Sasa uvuvi wenyewe. Maji yakishapoa, krapi huwafuata vidagaa kwenye vijito vinavyoingia ziwani, na baridi ikikaza wanashuka kwenye kina, wakaning'inia pamoja kando ya matawi na miti ya Krismasi ambayo watu huizamisha makusudi iwe makazi yao. Macho yao yanatazama juu. Chambo kikipita chini yao hawakioni, au wanajifanya. Tena hawavuti. Mara nyingi krapi hukidaka chambo huku akipanda, boya badala ya kuzama linalala juu ya maji, na wewe uliyezoea boya lizame unaendelea kusubiri.

Siku hizi kuna wanaotumia mitambo ya mawimbi ya sauti. Utawaona watu wazima ndani ya boti, wameinamia skrini, wakimtazama samaki mmoja mmoja akisogea, akikikagua chambo chao, akageuka na kwenda zake. Kukataliwa na samaki kumeanza zamani. Kulipa maelfu ya dola ili ushuhudie kukataliwa kwako wakati kunatokea, hilo ni la Marekani.

Sisi tulivua gatini, pamoja na babu mmoja Mmarekani aliyekuwa akikalia ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa msemaji. Alitoa samaki majini mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anachagua nyanya sokoni. Shemeji naye alipata wengi, ila hakuwapata wazima: mdomo wa krapi ni ngozi nyepesi kama karatasi, na Shemeji, aliyejifunza uvuvi kwa kuhe wa Tanganyika, alikuwa akipiga mshipi kwa bega zima. Samaki alibaki ziwani, kipande cha mdomo kikaja. Kila mara yule babu aliinua kiganja na kukishusha polepole, kama askari wa usalama barabarani mwenye huruma. Taratibu. Shemeji alitikisa kichwa kukubali, kisha akapiga kwa bega.

Wachache waliotoka wazima walikutana na rula. Sheria ya pale ni inchi 10. Pungufu ya hapo unamrudisha. Shemeji alibana mkia, akafunga mdomo wa samaki kwa kidole, akamsihi. Nilimwona akimnyoosha mmoja juu ya goti.

Januari baridi ilishuka chini ya sifuri kiasi kwamba mshipi ulitoka majini umelowa na kugandia kwenye vipete vya fimbo. Babu alitumbukiza ncha ya fimbo yake ziwani, barafu ikayeyuka, basi. Shemeji aliona hiyo ni njia ndefu. Aliacha chambo majini, akaivuta ncha ya fimbo, akatia kile kipete cha mwisho mdomoni ili akipashe joto kwa pumzi.

Kikagoma kutoka.

Alitoa sauti ambayo sitaiandika. Mpini wa fimbo ulikuwa umepita juu ya bega na kuchungulia nyuma yake, na mikono yote miwili ilikuwa hewani. Ndipo boya likalala.

Mshipi ulikuwa umegandia kipeteni, kwa hiyo kila krapi alipojitikisa, mdomo wa Shemeji ulijitikisa. Midomo miwili, mshipi mmoja. Shemeji akakaza bega, tayari kupiga. Babu aliinuka kwenye ndoo yake, mara ya kwanza tangu tumjue, akanyoosha kiganja. Taratibu. Safari hii Shemeji alitii. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, machozi yakimtoka, mimi nikaupokea mshipi kwa mkono, na krapi akapanda gatini na mdomo wake wote. Babu akafungua chupa yake ya chai, akammiminia Shemeji kahawa vuguvugu mdomoni mpaka kipete kikaachia.

Kisha akatoa rula. Samaki: inchi 10 na robo. Mdomo wa Shemeji hatukuupima, ila hata kwa macho ulikuwa umeshapita kiwango.