Mzigo Umefika Tabora

Kusakinisha fio, programu ya kupimia kasi ya diski, kwenye seva ya Linux ni kazi ya mstari mmoja tu, sudo apt install fio, na chai haijapoa umeshamaliza. Balaa huanza baada ya hapo, kwani programu hii hutoa namba, na namba katika ofisi zetu huogopwa kuliko mkurugenzi. Kijana wa TEHAMA anaiagiza isome faili la gigabaiti 1, ilirudie lilelile dakika nzima, kwenye seva yenye RAM ya gigabaiti 16. Skrini inasema gigabaiti 3 kwa sekunde. Ripoti inachapwa, inapigwa muhuri, inawekwa jaladani. Hakuna anayeuliza diski ya SATA, ambayo waya wake wenyewe haupitishi zaidi ya megabaiti 600 kwa sekunde, imezipata wapi mbio hizo. Haijazipata popote. Faili lilishahamia kwenye RAM tangu mzunguko wa kwanza, na diski ilikuwa imelala.

Nashikilia kwamba nyingi ya namba tunazoziita kasi ya diski ni kasi ya mzigo kufika katikati ya safari, na sisi wa Tabora ndio wa mwisho kuruhusiwa kudanganyika hivyo. Tarehe 1 Novemba 1870 barua za mvumbuzi David Livingstone zilifungwa Unguja, ziende Ujiji pamoja na bidhaa zake. Msafara ulivuka bahari, ukajipumzikia Bagamoyo hadi Februari, na kwa maelezo ya Stanley, mwandishi wa habari aliyekwenda kumtafuta Livingstone, uliondoka pale uliposikia kwamba John Kirk, kaimu balozi mdogo wa Uingereza, anakuja kuukagua. Ukafika Unyanyembe, yaani hapa Tabora, ukakwama, kwa kuwa vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimeifunga njia. Mchukuzi wa barua hizo aliitwa Kaif Halek, yaani Hujambo, jina zuri kwa mtu aliyebeba salamu zisizofika. Ilibidi Stanley azichukue mwenyewe, zikamfikia Livingstone Novemba 1871. Aliyekuwa akipima kutokea Unguja angeweza kuandika “umefika” miezi kadhaa kabla, huku mwenye mzigo hajapokea hata kitambaa kimoja cha kununulia chakula.

Mfumo endeshi hufanya vivyo hivyo unapoandika data: huipokea, huiweka kwenye RAM, hujibu kwamba tayari. Ndiyo maana fio ina fsync, inayodai mzigo usukumwe hadi diskini kabla ya jibu kutolewa, na direct=1, inayoipita kache ya RAM bila kupiga kambi. Bonnie++, programu nyingine ya upimaji, nayo hutaka faili la majaribio lizidi RAM mara mbili. Wengi huona hilo ni usumbufu, wanatafuta namna ya kulikwepa, kisha wanashangilia matokeo.

Kuna watakaosema kache ni sehemu ya seva, kwa hiyo kuikwepa ni kupima mashine ambayo haipo. Kwa upande wa kusoma wana hoja: orodha ya bei inayofunguliwa kutwa nzima itakaa kwenye RAM, na mteja atahudumiwa upesi kweli. Ila risiti ya mauzo ni jambo jingine. Umeme ukikatika nayo iko kambini bado, na betri ya UPS ilishakufa kitambo ikabaki taa tu ya kijani, risiti hiyo haitaonwa tena na mhasibu wala mkaguzi. Tupime hali zote mbili, basi, na ripoti itaje ipi ni ipi, saizi ya faili na kiasi cha RAM.

Tena jaribio lisipangwe saa mbili asubuhi, wakati makarani wote wanafungua mafaili. Hapo mtakuwa mnapima subira yao. Likiisha, faili lake lifutwe. Fio haifuti faili zake yenyewe usipoiagiza, na jaribio.0.0 la gigabaiti 32 litajikalia diskini mpaka kikao cha bajeti, ambako litaombewa fedha za kununua diski kubwa zaidi.